Uanachama wa gazeti usiishie mlangoni mwa hoteli

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linaanza kuota mizizi katika magazeti yetu. Nitajitahidi nisiwachoshe wasomaji, ingawa wenzangu walionituma wameniagiza niseme yote, nisibakize.

Jambo lenyewe ni haya mazungumzo ya ana kwa ana na jioni za utamaduni ambazo magazeti yanawaandalia wanachama wake. Gazeti moja, ambalo sitalitaja kwa kuwa nia yangu si kulichafulia jina, limetangaza mfululizo mpya wa mikutano ya namna hiyo hapa Moshi mjini. Mara hii atakuja mtaalamu wa kilimo, mara ijayo daktari, na kati yake kutakuwa na jioni ya mashairi na ngoma. Anayetaka kuhudhuria ajiandikishe kwa simu, alipe ada ya uanachama, kisha atumiwe namba ya kuonyesha mlangoni. Tangazo linamalizia kwa kusema nafasi ni chache.

Kwanza kabisa natoa pongezi. Gazeti linalotaka kuonana na wasomaji wake uso kwa uso ni gazeti lenye heshima, na si siri kwamba siku hizi habari zinasambaa bure katika simu, ukweli na uongo vikiwa vimechanganywa kama mchele na chuya. Mwandishi anayekubali kuketi mbele ya watu na kuulizwa “hili ulilipata wapi?” anastahili kuungwa mkono. Najua pia kwamba magazeti yana njaa. Karatasi ni ghali, wino ni ghali, na waandishi wana watoto wa kusomesha. Kwa hiyo sipingi ada, wala sisemi kila kitu kiwe cha bure.

Ninachouliza ni hiki: mwanachama wa gazeti ni nani?

Sisi hapa Mabogini tuko kilomita chache tu kusini ya mji wa Moshi, kwa barabara iendayo TPC kwenye mashamba ya miwa. Ni kata ya watu mchanganyiko. Wapo walioshuka kutoka migombani huko juu, kama mimi, wapo Wapare, wapo Wakahe, na wapo waliokuja kutafuta kazi kwenye miwa wakazeeka hapa hapa. Lugha yetu ni Kiswahili na kazi yetu kubwa ni mpunga. Gazeti linatufikia kwa hiace ya kutoka stendi, kwa kawaida kabla ya saa sita mchana, na linashushwa kwenye kibanda cha kinyozi. Nakala ni moja. Tunainunua kwa zamu, watu tisa, kila mmoja na siku yake, na anayeshindwa siku yake anafidia wiki inayofuata. Hesabu zinaandikwa katika daftari la michango, maana bila daftari urafiki unavunjika.

Baada ya saa tisa alasiri, watu wakishatoka majarubani, mmoja wetu husoma kwa sauti. Zamani alikuwa mwalimu mstaafu, lakini macho yamemsaliti, na sasa anasoma binti mmoja wa ushonaji ambaye ana sauti nzuri na hana haraka. Wanaosikiliza si wale tisa tu. Wamo wanaosubiri kunyolewa, wamo vijana wa bodaboda, wamo akina mama wanaouza ndizi pale pembeni, ambao hujifanya hawasikilizi mpaka pale mtu anapokosea jina la waziri. Siku nyingine nimehesabu watu ishirini na wawili kwa nakala moja. Kesho yake gazeti linafungia maandazi, na nimewahi kumwona mtu akiyaweka maandazi kando ili amalize safu ya michezo.

Sasa katika watu hao, mwanachama ni yupi? Kwa hesabu ya ofisi ya gazeti, hapa Mabogini kuna mnunuzi mmoja. Kwa hesabu ya yule anayetaka kujua nani anamsikiliza, tupo ishirini na wawili.

Niseme yaliyonipata. Tangazo la mkutano wa kwanza lilipotoka, tulilisoma pale kibandani na tukafurahi sana, kwa kuwa mada ilikuwa mabadiliko ya tabianchi na maji ya mashamba. Hapa kwetu hiyo si mada ya kusomea shahada, ni chakula. Tulikubaliana tuchange ada ya mtu mmoja na mimi nikachaguliwa kwenda, si kwa elimu yangu bali kwa kuwa sioni haya kuuliza. Mimi natumia kitochi, kwa hiyo mpwa wangu ndiye aliyejiandikisha kwa simu yake. Swali letu tuliliandika kwenye karatasi ya daftari, likasomwa mbele ya wote na kusahihishwa mara mbili.

Nilifika hotelini kabla ya wakati, nimevaa shati la Jumapili. Mlangoni alikuwepo binti mwenye adabu nyingi. “Shikamoo mzee.” “Marahaba, mwanangu.” Akatazama namba niliyoiandika, akatazama kompyuta yake, akaniambia jina lililoandikwa si langu. Nikamweleza kwamba ni la mpwa wangu, na kwamba kwa kweli si lake wala si langu, ni la watu tisa. Akacheka, kisha akaona sicheki. “Mzee wangu, hapa kadi moja ni mtu mmoja.” Simlaumu hata kidogo, naye ameagizwa. Mwishowe alikuja kijana mwingine akaniruhusu, nikapewa kiti cha nyuma na chupa ya maji.

Mazungumzo yalianza saa kumi na mbili jioni badala ya saa kumi na moja. Mtaalamu alisema vizuri, na mengine niliyaandika. Ila ulipofika wakati wa maswali, tulitangaziwa kwamba maswali yaandikwe kwa simu na kutumwa kwenye namba iliyoonyeshwa ukutani. Nilinyoosha mkono na karatasi yangu. Mwenye kuongoza mkutano aliniona, akanionyesha kidole cha “subiri kidogo”, na hiyo subiri kidogo ikaenda mpaka watu wakaanza kupiga picha. Hiace ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Nilirudi kwa bodaboda gizani, kwa nauli ambayo haikuwemo katika daftari.

Kesho yake wenzangu walikuwa wamekaa wananisubiri. Niliwaeleza niliyoyashika, lakini kila mtu alitaka kujua jibu la swali letu, na jibu halikuwepo. Tukasema basi, tungoje gazeti, huenda litaandika yaliyozungumzwa. Gazeti lilitoka na picha kubwa ya wageni waliokaa mstari wa mbele, na maneno machache kwamba mkutano ulifana.

Ndugu Mhariri, mimi si mtu wa kulia kwa sababu ya nauli ya bodaboda. Ninaloliona ni kwamba uanachama wa namna hii unamfungia nje yule anayelihitaji zaidi hilo gazeti. Mwenye simu janja, gari na nafasi ya jioni mjini ana njia nyingi za kumpata mtaalamu. Anaweza hata kumpigia. Kabwela wa Mabogini njia yake ni gazeti, na sasa gazeti limeanza kuhamishia mazungumzo mahali ambapo yeye hafiki.

Wapo watakaosema huo ndio mtindo wa dunia. Nami nimejaribu kuusoma huo mtindo wa dunia, kwa msaada wa mpwa wangu. Gazeti la Guardian la London, Uingereza (si lile la Dar es Salaam) lilianzisha uanachama wake mwezi Septemba 2014. Kulikuwa na daraja la rafiki, ambaye hakulipa kitu, daraja la juu yake la pauni 15 kwa mwezi, na daraja la pauni 60 kwa mwezi. Wanachama waliahidiwa mikutano, mijadala na waandishi, na burudani za utamaduni. Gazeti likapanga hata kuligeuza bohari la zamani la reli, katika eneo la King's Cross, liwe ukumbi wa shughuli hizo. Mwaka 2016 mpango wa ukumbi ukaachwa kwa sababu ya hali ya fedha. Mikutano iliendelea, na mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona ikahamia mtandaoni. Lakini kilichonigusa mimi si ukumbi. Ni kwamba gazeti hilo halikufunga kurasa zake za mtandaoni. Kila mtu aliendelea kuzisoma bure, na wasomaji wakaombwa wachange kwa hiari yao. Mwezi Novemba 2018 lilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamelichangia katika muda wa miaka 3. Walichangia kitu ambacho hata jirani asiyelipa angekisoma. Hata huko kwenye pauni, basi, watu wako tayari kulipa bila kumfungia mwingine mlango.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa nchini Mwananchi lilianzisha Jukwaa la Fikra mwaka 2018 jijini Dar es Salaam, na mada ya mwanzo ilikuwa magonjwa yasiyoambukiza, jambo linalomhusu kila mtu. TSN, kampuni ya magazeti ya serikali, ilikwenda mpaka Simiyu mwaka 2017 kufanya Jukwaa la Fursa za Biashara. Kwa hiyo kutoka nje ya Dar es Salaam kunawezekana. Ninachoomba ni hatua moja zaidi, kutoka makao makuu ya mkoa kwenda kwenye kata.

Na hapa naomba niwakumbushe vijana mambo ambayo huenda hawakuyaona. Mwaka 1973 nilikuwa mvulana wa shule huko juu, kabla sijashuka Mabogini. Mwaka ule ilipigwa kampeni ya Mtu ni Afya. Katika nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2, na hapakuwa na hoteli wala namba ya mlangoni. Ilikuwa hivi: kulikuwa na kitabu, kulikuwa na kipindi cha redio, na kulikuwa na kikundi chenye kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo. Kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe kwa kuwa mwenye redio, ya National, alikataa katakata isitoke uani kwake. Tulisikiliza, kisha kitabu kikasomwa kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha tukabishana. Kubishana ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba choo cha mwenye redio ndicho kibaya kuliko vyote, na wiki iliyofuata tulikuta kimechimbwa kipya. Mwaka 1971 ilikuwapo kampeni ya Wakati wa Furaha, kwa miaka 10 ya Uhuru, na mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai.

Sisemi kila kitu cha wakati ule kilikuwa kizuri. Redio ilikuwa moja tu na ilisema yake, na mtu hakuweza kumwuliza msemaji aliyeko Dar es Salaam. Hilo ndilo lililokosekana, na hilo ndilo magazeti ya leo yanaweza kulitoa: msemaji mwenyewe aje, aulizwe, ajibu. Wakati ule tulikuwa na kikundi bila mtaalamu. Siku hizi mtaalamu anakuja lakini kikundi kinaachwa nyumbani.

Moshi hii pia ina historia yake ya magazeti na wanachama. Miaka ya 1930 chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilikuwa na gazeti lake lililoitwa Uremi. Miaka ya 1950 Baraza la Wachagga likatoa Komkya, neno la Kichagga la kupambazuka, ingawa gazeti lenyewe liliandikwa kwa Kiswahili. Nyuma ya hayo yote lilikuwapo Mambo Leo la serikali, lililoanza mwaka 1923, ambamo walimu na makarani wa nchi nzima waliandikiana barua na mashairi. Marehemu baba yangu alikuwa na kahawa kidogo nyuma ya nyumba, na alihesabu kwamba yeye ni mtu wa KNCU kama mtu anavyohesabu ukoo wake. Lakini ukimwuliza kadi ya KNCU hakuwa nayo. Alikuwa na kadi ya chama cha msingi cha pale kijijini, na chama cha msingi ndicho kilichokuwa mwanachama wa KNCU.

Wasomaji watanisamehe nikikaa hapa kidogo, kwa maana ndipo penye hoja yangu. Umoja ule ulioandikishwa mwaka 1933 haukuhitaji kumjua kila mwenye miche hamsini ya kahawa huko Kibosho, Uru au Machame. Ulikijua chama cha msingi, chama kikamjua mtu wake. Ada ilikusanywa chini, wajumbe wakachaguliwa chini, wakaenda mjini kwenye mkutano mkuu na maneno waliyotumwa, na waliporudi walisimama mbele ya waliowatuma wakatoa taarifa. Mjumbe asiyetoa taarifa hakuchaguliwa tena. Ushirika umepata misukosuko mingi baada ya hapo, ulivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980, na kahawa yenyewe leo si ile. Lakini utaratibu wa mwanachama kuwa kikundi haukuwa na kosa. Hata kwetu mpungani tunao ushirika wetu, CHAWAMPU, na tunajua maana ya kumtuma mtu.

Kwa nini basi gazeti lisikubali kikundi cha wasomaji kiwe mwanachama? Kibanda cha kinyozi cha Mabogini kiandikishwe kwa jina lake, kilipe ada moja, au hata ada na nusu, sisi tuko tayari. Mjumbe wetu apite mlangoni kwa barua ya kikundi. Swali lake lililoandikwa kwenye karatasi lipokelewe sawasawa na lile lililotumwa kwa simu, na maswali ya vikundi yatangulie, kwa kuwa nyuma ya kila swali la kikundi kuna watu wengi. Na majibu yachapishwe gazetini wiki ile ile, ili mjumbe akirudi mikono mitupu gazeti limsaidie. Kufanya hivyo hakutalipunguzia gazeti hata senti moja. Bila shaka nakala zitauzika zaidi, kwa sababu hakuna anayekosa kununua gazeti lenye jibu la swali lake.

Kuhusu mahali, mkutano mmoja katika kila minne ufanyike nje ya mji. Darasa la shule ya msingi halina gharama ya hoteli, na makanisa na misikiti ina kumbi. Saa tisa alasiri inafaa kuliko saa moja usiku. Msimu wa kupandikiza uachwe, vilevile wiki za kuamia ndege, maana hapo hata ukimleta nani hutapata mtu.

Hizo jioni za utamaduni nazo zinanipa mashaka. Tangazo linasema wanachama watapata chakula huku wakiburudishwa kwa ngoma za asili. Nimeshaona jambo la namna hiyo: wazee wamevalishwa kaniki, wanacheza dakika kumi, watu wakiendelea kutafuna, kisha wanapewa bahasha na kuambiwa watokee mlango wa nyuma. Huo si utamaduni, ni mapambo ya meza. Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitenga Novemba 2021 na ikaanza kuadhimishwa tarehe 7 Julai 2022, ingekuwa nafasi nzuri ya gazeti kufanya kitu cha maana. Marehemu Mathias Mnyampala alitufundisha kwamba shairi linaweza kuwa mabishano ya watu wawili jukwaani, yaani ngonjera, na sisi tuliosoma shule za miaka ile tulizighani mpaka wazazi wakalia. Waiteni vijana wa sekondari za huku waghani ngonjera kati ya mkulima wa juu na mkulima wa chini. Hapo mtaona kama kuna mtu atakayekumbuka chakula.

Nimetaja mkulima wa juu na wa chini kwa makusudi. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kwa msaada wa Wajapani ukamalizika mwaka 1987. Ulipangwa kumwagilia hekta 1,100 za mpunga kutoka mito ya Njoro na Rau. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba saruji pale banio la Njoro lilipojengwa. Mavuno ya miaka ya mwanzo yaliwashangaza watu, na walioko juu ya mabanio walipoona nao wakalima mpunga, kwa maji ya mito ile ile. Nani angewalaumu? Lakini maji hayakuongezeka. Ndiyo maana sisi tunapata zamu, na zamu yenyewe inarushwa, na majaruba mengine ambayo yalipimwa kwa mpunga siku hizi yanapandwa mahindi au yanakaa bure. Huko juu zaidi, milimani, kuna mifongo ambayo babu zetu waliichimba kuyateremsha maji kutoka mitoni mpaka migombani, na kila mfongo una watu wake na sheria zake za zamu, sheria ambazo hazikuandikwa popote.

Huo ndio mkutano ambao ningelipia ada mara mbili. Waitwe wazee wa mfongo, waitwe wakulima wa juu ya banio, tuitwe sisi, aitwe mtaalamu wa maji, na mwandishi wa gazeti awe katikati akiuliza na kuandika. Si wa kutoa hukumu, kwa sababu gazeti si mahakama. Wa kusikilizana tu. Maana nimeishi hapa tangu ujana na sijawahi kuwaona watu hao wanne wameketi katika chumba kimoja. Kila mmoja anazungumza na wa kwake. Sisi tunawaita walioko juu wezi wa maji, nao wanatuita watoto wa mradi, na mto unazidi kupungua tukiitana hivyo. Gazeti ndilo pekee ambalo linasomwa na pande zote bila kuwa mali ya upande mmoja.

Inawezekana waandaaji wana sababu zao ambazo mimi sizioni kutoka huku chini. Labda wadhamini wanataka hoteli ili bango lao lionekane vizuri kwenye picha. Kama ni hivyo, bango linaweza kutundikwa hata kwenye mwembe, na upepo wa huku ni mwema.

Wenzangu wameniagiza nimalizie kwa mambo ya utekelezaji. Kikundi chetu kiko tayari kumpokea mwandishi yeyote atakayekuja siku ya kawaida, si ya sherehe, baada ya saa tisa. Mabenchi mawili yapo na la tatu tutaazima kanisani. Akina mama wa ndizi wamesema wataleta chai wao wenyewe ila wawe na haki ya kuuliza kwanza. Binti wa ushonaji atasoma. Na ile karatasi ya swali letu haijatupwa. Mweka hazina ameibana ndani ya daftari la michango, kwenye ukurasa ulipoandikwa deni la nauli yangu ya bodaboda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa Mpunga,
Mabogini, Moshi.